Zabibu za Padri

Divai hii inanukia asali, na hasira imenipanda kabla sijaionja. Kwenye chupa wameandika Fiano, jina la aina ya zabibu. Nilipokuwa mtoto, padri wetu Muitalia alileta mche wa zabibu hizo kutoka kwao kusini, akaupanda nyuma ya kanisa hapa Kalemie.

Aliyeumwagilia maji ni mama yangu. Kiangazi chote alipandisha ndoo kichwani kutoka ziwani, na nyuki wakamuuma, maana nyuki wanazipenda zabibu hizo kupita kiasi. Mti ulizaa chache, ndogo, zenye ganda gumu. Nilichuma moja tu. Mama akanitandika kofi, ikadondoka kutoka mdomoni.

“We mutoto! Hii njo ya misa!”

Zilikuwa za misa kweli: zilipogeuka divai, Jumapili moja padri akanywa kikombe chote peke yake, akakifuta kwa kitambaa. Mama akapewa hostia tu, kile kimkate chembamba, akarudi kwenye benchi na vidole vyake vilivyoumwa na nyuki.

Padri yule alifia kwao zamani. Leo nimemmiminia mama glasi nzima, nikamshikisha mkononi.

“Kunywa, Mama.”

Ameinusa, amefumba macho, kisha ameniuliza polepole:

“Padri alishakunywa?”