Mbuzi wa Mwaliko

Kanisa letu lipo Jadida, Wete, na ukipita njia bila kuambiwa unaweza kudhani ni ghala la mtu. Waumini wote ni watu wa kuja: walimu, askari, manesi, fundi redio mmoja na familia yake. Mimi ni mwalimu wa msingi. Nilipangiwa Pemba nikiwa msichana, nikaipenda, nikakataa kuhama, na uzee umenikuta hapahapa nikiwa mzee wa kanisa. Mzee mwenzangu ni nesi mstaafu, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa.

Desturi yetu ilikuwa ukimya. Jumapili tulifunga madirisha ya upande wa barabara kabla ya kuimba, na ngoma tuliifunika kanga mbili ili isivume. Joto la mle ndani sitaki hata kulikumbuka. Hakuna mtu aliyetuamuru tufanye hivyo, wala jirani yeyote hakuwahi kulalamika. Tulisema tunalinda ujirani, basi, na kila mgeni aliyehamia tulimfundisha hivyohivyo.

Ndipo akaja mchungaji mpya kutoka Mbeya, kijana mwembamba mwenye sauti ya kuuzia mnadani. Katika kikao chake cha kwanza hakuuliza habari za sadaka wala bati linalovuja. Alituuliza sisi wazee wawili, "Ni lini mara ya mwisho mlimwalika mtu kanisani?"

Nesi akatazama dari. Mimi nikatazama Nesi.

"Basi tuanzie hapo," akasema. "Siwezi kuwaambia waumini waalike watu wakati wazee wao hawaaliki. Sikukuu ya mavuno, kila kiongozi aje na jirani mmoja. Hatumbadilishi mtu dini kwa sahani ya wali. Aje, asikie tunachoamini, ale, arudi kwake salama. Nyama ni juu yangu."

Nilikasirika, na mimi nikikasirika husikika. Nikamwambia kwamba yeye amefika juzi na kesho atahamishwa, sisi tutabaki na majirani zetu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, kisha akauliza, "Kwa hiyo wewe utamwalika nani?"

Alikuwepo mmoja tu wa kumwalika, na ndiye niliyeogopa kumpoteza. Mimi na jirani yangu, mwanamke mwenzangu, tunatenganishwa na ukuta mfupi, na juu ya ukuta huo yamepita mambo mengi: chumvi, dawa za homa, watoto wachanga, umbea wa mtaa mzima. Mwezi wa Ramadhani ananiletea futari kama vile na mimi nimefunga. Kwake kukiwa na Maulidi naalikwa, najitanda kanga vizuri, nakaa mkekani, nafukizwa udi na kumiminiwa marashi. Mama yangu alipofariki bara nikashindwa kuwahi mazishi, ni yeye aliyekuja kulala nami hadi nilipoweza kula. Sina ndugu kisiwani zaidi yake. Niliogopa kwamba nikimtajia kanisa ataona urafiki wote ule ulikuwa mtego, na ukuta ule utakuwa ukuta kweli.

Hata hivyo nilimwalika, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Akanitazama kidogo. "Haya, nshasikia," akasema, akaingia ndani.

Baada ya hapo hakuonekana ukutani. Asubuhi kimya, jioni kimya. Nilipika mihogo ya nazi anayoipenda, nikaita, nikajibiwa na kuku wake. Nikaamini nimeshampoteza, na kila nilipomwona mchungaji akipita na baiskeli yake huku akipiga mluzi nilitamani apate pancha.

Jumapili ya mavuno ikafika. Ibada ilikuwa saa tisa, na asubuhi nilikwenda kanisani na beseni la mchele. Nyuma ya kanisa nikamkuta mchungaji amekunja mikono ya shati, anachuna mbuzi kwa ustadi mkubwa huku akiimba.

"Mchungaji," nikasema, "huyu mbuzi kachinjwa na nani?"

"Na mimi mwenyewe!" akajibu kwa furaha. "Kwetu ndiyo ilikuwa kazi yangu kila sikukuu."

Nikaliweka beseni chini. Hapa Pemba hakuna Mkristo anayejichinjia, hata kuku wa kumla peke yake jikoni. Humwita jirani Mwislamu amchinjie, maana hujui nani atapiga hodi ukiwa unapakua, na sahani ambayo mgeni hawezi kuigusa ni aibu ya mwenye nyumba. Ni jambo tulilolizoea mno kiasi kwamba hakuna aliyekumbuka kumwambia. Mtu katuhubiria wiki nzima juu ya kukaribisha majirani, kisha kawachinjia mbuzi ambaye hakuna jirani hata mmoja atakayemla.

Nesi alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake la sikukuu. Mchungaji alibaki na kisu mkononi, sauti yote ya mnadani imemwisha. Nikamwonea huruma, na sikuitarajia huruma hiyo.

Kwa vyovyote ilibidi nikamwambie jirani yangu ukweli. Kama angekuja, asile bila kujua. Kama hakukusudia kuja, nisikie kwa kinywa chake. Nikarudi nyumbani, nikapiga hodi kwake. Nikamkuta amesimama mezani, anapiga pasi buibui lake jipya.

"Ulikuwa wapi?" nikamuuliza, bila hata salamu.

"Mtambile. Mwanangu kajifungua. Mtoto wa kike, mwenzangu, ana nywele hizo! Kwani walia nini?"

Sikuwa nimejua kwamba nalia. Nikamweleza habari ya mbuzi. Akasikiliza, akaiweka pasi kando, akacheka kuliko Nesi.

"Masikini Padri wa watu! Asihuzunike. Samaki hachinjwi na mtu. Ngoja nivae."

Alikwenda sokoni mwenyewe, akarudi na changu wa kutosha. Akaja kanisani na wifi yake, mbuzi za kukunia nazi na sufuria zake mwenyewe. Yule mbuzi wa mchungaji akasukumwa jiko la pembeni na mwiko wake, akaliwa na sisi wenyewe siku zilizofuata mpaka tukamchoka. Nyuma ya kanisa kulinukia mchuzi wa nazi na pilipili mbichi, na mchungaji alitumwa maji, kuni na ndimu kama mtoto wa nyumbani.

Saa tisa wale wanawake wawili waliingia, wakakaa benchi la nyuma pamoja na jirani aliyealikwa na Nesi. Fundi redio akainuka kufunga madirisha kama kawaida.

"Mwafungia nini?" jirani yangu akauliza. "Mwataka tufe na joto?" Akainuka mwenyewe akayafungua yote. Tukaimba hivyohivyo, kwanza kwa woga, kisha kwa raha, na ngoma haikufunikwa. Mchungaji alieleza kwa ufupi na kwa upole kwa nini tunamshukuru Mungu kwa mavuno, na Yesu ni nani kwetu. Wageni wakasikiliza kwa adabu. Kisha tukala.

Jioni tulipokuwa tukisugua sufuria kwa majivu nilimwambia jirani yangu kwamba niliogopa kumwalika, kwamba nilidhani ataniacha.

Akaacha kusugua. "Mie nakwalika Maulidi miaka yote. Waja, wakaa, warudi kwako na dini yako. Basi mie nkija kwako ndo ntapotea? Miaka yote nikijiuliza, huyu Mwalimu kwake kuna nini hata hataki nipaone? Nkadhani mie si mtu wa kuonyeshwa."

Nilimshika mkono ukiwa na majivu vilevile.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nafunga mlango, Biblia kwapani, nikasikia sauti juu ya ukuta.

"Mwalimu! Leo hunialiki?"

"Karibu kanisani, jirani," nikasema, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia.

"Leo sendi, nna nguo za kufua," akajibu. "Lakini nialike."