Wanane Wanatosha

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa filimbi isiyolia, mpira uliopungukiwa upepo, na lori lililojaa watu wasiojua kucheza.

Ilikuwa Mwimbi, enzi hizo Kalambo haijawa wilaya. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu cha michezo, nimevaa raba nyeupe, na tope la Mwimbi likazibadilisha rangi kabla sijafika ofisini. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Mratibu Elimu wa kata, mzee mfupi asiyependa maneno mengi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanionyesha dirishani.

"Binti, timu ya mpira wa pete inakwenda mjini kucheza. Kawapange."

Mpira wa pete, kwa nyie mnaojua kandanda peke yake, huchezwa na watu saba kila upande. Nilitoka nje nikaanza kuhesabu waliokuwa juu ya lori, nikaacha nilipopita thelathini. Alikuwepo shemeji wa mwenyekiti wa kijiji na matenga yake ya kuku. Alikuwepo bibi mmoja anayekwenda hospitali. Walikuwepo jamaa wawili waliojitambulisha kwangu, macho makavu, kwamba wao ni washangiliaji rasmi. Mfungaji wetu, sasa, alikuwa bado chini, hana pa kuweka mguu.

Nikarudi ndani. "Mzee, niwashushe?"

"Bibi mgonjwa mwache. Wengine muulize kila mmoja ana kazi gani kwenye msafara. Asiye na kazi atajitafutia, na hiyo atakayoipata wewe hutaipenda."

Niliwashusha. Nilitukanwa kwa Kiswahili, nikatukanwa na kwa Kifipa, na yule shemeji hakunisalimia tena mpaka nahamishwa. Lakini nilikuwa nimefundishwa kazi. Msafara ni wote wanaosafiri kwa jina la timu: wachezaji, wa akiba wanaongoja mwenzao aumie, mwalimu wao, na mkuu wa msafara, ambaye ndiye wa kulaumiwa kikiharibika chochote. Kuupanga msafara kunaanza na swali moja: tuwe wangapi? Mengine yote, chakula, malazi, gari, ugomvi, yanatokana na jibu lake.

Nilikuwa na namna yangu ya kuhesabu. Mama yangu hakupenda kabisa watu wahesabiwe kwa kunyooshewa kidole. Alisema hao si mbuzi. Basi mimi nilisimama mlangoni pa gari na kugusa bega la kila anayepanda. Moja, mbili, tatu, mpaka wa mwisho. Miaka yote nimehesabu hivyo, na wachezaji wangu waliniita Mama Mabega.

Niwaambie na jambo jingine hapa hapa, kwa sababu ndilo lililonisumbua maisha. Mimi shuleni nilikuwa mfungaji, na si mfungaji wa kubahatisha. Niliipenda kazi hii kwa kuwa nilipenda kucheza. Kumbe afisa michezo hachezi! Anabeba mipira, anabeba maji, anabeba kisanduku cha huduma ya kwanza, anapuliza filimbi. Wenzake wanaingia uwanjani, yeye anabaki amekalia kisanduku. Liliniuma hilo, sifichi.

Kutoka Mwimbi nilihamishiwa Sumbawanga mjini, chini ya bosi mwingine kabisa. Huyu alikuwa mtu wa Mbeya, mrefu, kicheko chake kinasikika mpaka masijala, na alipenda nyomi. Kwake yeye timu bila umati haikuwa timu.

"Mama, jaza gari!" alikuwa akisema. "Wapinzani watuone tu waogope."

Tukaenda Mpanda kucheza kandanda na gari mbili zimejaa, wachezaji humo unawatafuta kwa tochi. Mchana, wapambe wakawahi kwenye masufuria. Vijana wanatoka kupasha misuli, wali umekwisha, nyama imebaki jina. Wakaingia uwanjani na chai ya asubuhi tumboni, wakafungwa mabao ambayo hata leo siyataji. Njia nzima ya kurudi bosi hakucheka.

Tulipofika alinigeukia. "Safari ijayo wachezaji kumi na mmoja. Dereva. Wewe. Basi. Mimi mwenyewe siendi."

"Na wa akiba, bosi?"

"Wa akiba ndio waliokula wali."

Hakuambilika. Tukaenda Laela na kumi na mmoja kamili, na beki wetu wa kulia akala samaki wa njiani, akaugua. Nyie! Dereva wetu, Mzee Osward, alivalishwa jezi iliyoishia kitovuni akaingia kucheza na katambuga zake za matairi. Alipiga mpira mara moja tu katika mchezo mzima: mpira ukatoka nje, katambuga ikaingia golini. Refa alilazimika kukaa chini kwanza. Tulifungwa tena, lakini siku ile hata waliofungwa walicheka, na mimi nikapata somo la pili. Wengi mno, mnakula njaa. Wachache mno, dereva anakuwa beki. Idadi ya msafara iko katikati, na katikati penyewe huhama kila safari.

Gofu ilinikuta uzeeni, miaka ya mwisho ya kazi. Alihamia kwetu Mhandisi wa barabara, naye pia mtu wa Mbeya, na mfuko mrefu wenye fimbo za chuma. Watoto wa Izia nilikokuwa nakaa walidhani ni fundi bomba. Alikuja ofisini akaniomba nimtafutie mahali pa kuchezea. Nikampeleka Pito, kwenye malisho yaliyobaki kati ya mashamba, tukaongea na wenyewe, wakakubali kwa sharti kwamba ng'ombe ndio wenye kiwanja na sisi ni wageni.

Gofu ni kuupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie kwenye kishimo, na mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Kwenye viwanja vya kweli kishimo kimezungukwa na majani yaliyokatwa mafupi mpaka yanalala. Sisi Pito tulichanganya mchanga na oili chafu ya magari, tukashindilia. Tulichimba vishimo sita. Tulikuwa na kanuni yetu pia: mpira ukitua kwenye kinyesi cha ng'ombe unaruhusiwa kuusogeza, ila kuufuta unaufuta mwenyewe.

Nilikwenda pale na kisanduku changu, kama kawaida. Siku moja Mhandisi akaninyooshea fimbo.

"Hebu jaribu, Mama."

"Mimi? Niache bwana, na magoti haya!"

"Jaribu."

Nikaupiga. Sijui niliupigaje, nilisikia tu mlio mkavu, mpira ukapaa, ukavuka mpaka, ukatumbukia katika shamba la ulezi. Mwenye shamba akasimama na jembe lake. "Nani huyo?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu niache shule nilikuwa sijasikia raha ile mwilini. Jumamosi iliyofuata kisanduku nilikiacha nyumbani.

Tukawa tisa. Sitawataja wote. Mhandisi alikuwa wa kwanza. Alikuwepo Padre, aliyepiga mbali kuliko wote na kukosea karibu kuliko wote. Alikuwepo Daktari, kijana mpole wa hospitali, anayecheza bila kusema neno na kunipa shikamoo kila kishimo kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana. Na mimi nilikuwa wa tisa.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, Mhandisi akaja na habari. Kule kwenye mashamba ya chai, upande wa Mufindi, kuna uwanja wa kweli, wa majani, na tunaweza kwenda kucheza siku mbili. Nilijifanya naandika, lakini moyo ulikuwa unanidunda. Uwanja wa majani! Nikasema moyoni, hii ndiyo safari yangu. Nikistaafu bila kuiona, sitaiona tena.

Tukakutana mgahawani, chai na maandazi mezani, na swali likawa lile lile la Mwimbi.

Mhandisi alitaka kumi na wawili. "Tualike na wengine, tujaze Haisi. Twende kwa shangwe."

Daktari alitaka wanne. "Gofu huchezwa wanne wanne. Tuwe kundi moja tu, kimya kimya."

Wote wakanigeukia mimi. Haya, utaalamu wangu ndio huo, ningefanyaje?

"Wanne ni wachache," nikasema. "Mmoja akishikwa na malaria safari imekufa. Na wawili wakinuniana asubuhi, hamna wa kubadilishana naye. Kumi na wawili ni wengi. Mtatoka makundi matatu, la mwisho litakuwa bado linatafuta mipira vichakani wakati la kwanza limeshakula. Jioni mezani mnakuwa kambi tatu, hamjuani. Wanane wanatosha. Wanne mbele, wanne nyuma, mchana mnabadilishana. Mpaka mnarudi, kila mtu amecheza na kila mtu. Na mifuko ya fimbo itapata siti ya nyuma."

Mhandisi alianza kutikisa kichwa kukubali. Padre akaweka kikombe chini.

"Lakini sisi tuko tisa."

Pale mezani kila mtu akaangalia andazi lake.

"Basi twende watatu watatu," akasema Daktari haraka. "Makundi matatu."

Ningeweza kunyamaza. Neno moja tu, "sawa," na mimi nimo. Lakini jamani, nimewashusha watu malorini maisha yangu yote kwa hesabu hii hii, nikawaambia haina upendeleo.

"Watatu ndiyo mbaya kabisa," nikasema. "Wawili wanapiga soga, wa tatu anatembea peke yake. Nimeona mara nyingi mno. Mtakuwa wanane. Mimi nitawapangia kila kitu, niwasindikize stendi."

"Mama..." akaanza Mhandisi.

"Nimemaliza. Kunyweni chai."

Yangu niliiacha mezani. Nyumbani nilimwambia mume wangu kichwa kinauma, nikageukia ukutani, nikalia kama msichana aliyeachwa kwenye ngoma. Ndiyo, mtu mzima na wajukuu, nalilia gofu. Chekeni tu.

Nikapanga msafara ule kuliko yote niliyowahi kupanga. Malazi, chakula, maji, koti la ziada kwa sababu kule baridi inashindana na yetu. Asubuhi ya safari nilikuwa stendi kabla ya dereva. Nimevaa raba, maana stendi yetu vumbi, na nina mfuko wa mihogo ya kuchemsha niwape wale njiani. Wakaanza kupanda, nikagusa mabega. Wa mwisho alikuwa Padre. Saba.

Nikaingia ndani, nikarudia. Saba.

"Nani hayupo?" Wakaangaliana. "Si nauliza nyie? Daktari yuko wapi? Ndiyo watu wa kimya hawa, kumbe hata kuamka kwenyewe hawezi!"

Nikampigia simu, moto umeniwaka. Akapokea kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, uko wapi wewe?"

"Niko wodini, niko zamu. Nilishamwambia Mhandisi tangu juzi. Safari njema, Mama."

Akakata. Nikamgeukia Mhandisi, ulimi uko tayari. "Yaani ulijua, ukaniacha nahesabu kama kichaa? Tangu juzi ungeniambia ningetafuta mtu wa nane!"

Akawageukia wenzake. Wote saba walikuwa wananitazama kwa namna ambayo sikuielewa, na mmoja huko nyuma alikuwa anajizuia kucheka. Kisha Padre akainama kutoka kwenye siti yake, akanyoosha mkono, akanigusa bega.

"Wa nane," akasema.

Niwaambie ukweli, miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kunigusa bega mlangoni pa gari. Mimi, Mama Mabega! Nikabaki nimekumbatia mihogo yangu. Begi langu, kumbe, mume wangu alikwisha kulileta na kulificha chini ya siti ya dereva, na fimbo zilikuwa zimefungwa pamoja na za Mhandisi.

Uwanja ule, msiniulize sana, nitaanza tena kulia. Majani hadi mwisho wa macho, chai pande zote, na ukungu. Nilicheza vibaya. Asubuhi nilikuwa kundi la nyuma, mchana kundi la mbele, na kila niliyetembea naye alinichokoza. Mpira wangu mmoja uliingia kishimoni kwa pigo moja refu, ukizunguka ukingoni kabla ya kuzama, na Padre akapiga vigelegele, Padre mzima!

Tuliporudi nilikwenda hospitali moja kwa moja. Muuguzi wa mapokezi ndiye aliyeniambia kwamba zamu ile haikuwa ya Daktari. Aliiomba mwenyewe, akambadilisha mwenzake. Nilimkuta kwenye korido nikamshika mkono.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mama, mimi Mufindi nitakwenda mwakani." Akatabasamu. "Wewe mwakani ungekuwa unalima mahindi."

Na kweli nalima. Nimestaafu, nina mahindi yangu pembeni ya Izia, na Jumamosi magoti yakiruhusu nakwenda Pito. Vijana waliochukua nafasi zetu huja kuniuliza, timu hii, kwaya ile, tuwe wangapi? Nawauliza kwanza wanakwenda kufanya nini, wanalala wapi, nani na nani hawaelewani. Halafu nawauliza kama aliyekuja kuuliza amejihesabu. Mara nyingi wanashtuka.

Mwaka jana wenzangu wa gofu walikwenda tena. Mimi sikwenda, magoti yalikataa, na siti yangu niliiachia kwa moyo mmoja. Nilikwenda stendi na mihogo yangu, nikasimama mlangoni pa Haisi. Daktari alipanda wa kwanza, akainama nilifikie bega lake, maana siku hizi mkono haupandi vizuri. Nikahesabu mpaka wa mwisho, nikawaambia wako tisa.

Haisi nzima ikaangua kicheko. "Mama," akasema Daktari, "tuko wanane, umejihesabu na wewe. Leo wewe husafiri."

"Najua," nikamwambia. "Lakini nimo."