Wamecheza na Nani?

Shemeji yangu Royce Tidmore alikuwa muuza nyama, na kila Ijumaa ya msimu wa mpira duka lake lilijaa watu wasionunua hata soseji. Walikuja kumsikiliza. Mpira wetu hapa Alabama ni ule wa kofia ngumu, wa kugongana mpaka mtu atapike, na Royce aliucheza mpaka shingo ikakataa kugeuka. Ukitaka kujua timu inayokuja ina nini, unamwuliza yeye.

Wiki ile timu iliyokuwa inakuja kucheza na chuo chetu ni ya Chuo cha Dunmore. Walikuwa wamecheza mechi tatu na kushinda zote kwa kishindo. Walikuwa na jitu lao la pembeni, jezi tisini, ambalo kila mechi lilimtoa mrushaji wa wenzao, yule anayerusha mpira na kuongoza timu, kwa machela. Wa kwanza alivunjika taya, wa pili mguu, wa tatu alizinduka hajui jina la mama yake.

"Wamecheza na nani?" Royce alisema, akipasua mbavu za nguruwe kwa kishoka. "Vibonde wa kukodi. Septemba kila chuo kikubwa kinakodi kibonde wa kupiga. Hata mama mkwe wangu angewatoa wale kwa machela."

Watu wakacheka. Mama mkwe wake ni mama yangu mzazi, kwa hiyo mimi sikucheka.

Sasa, mrushaji wetu alikuwa Colby, mwana wa pekee wa Royce. Bega la kulia lilikuwa limeteguka mechi iliyopita, likarudishwa. Kocha alimwachia aamue mwenyewe kama atacheza, na Colby, jibaba zima lenye ndevu tele, akaja dukani kumwuliza baba yake.

"Baba, ile tisini umeitazama vizuri?"

"Nimeitazama. Inakimbia kama friji inayoshushwa ngazi."

"Bega bado linauma."

"Mimi nilicheza na shingo hii. Utacheza, mwanangu. Wale hawajakutana na mtu."

Dada yangu Vonda alikuwa mlangoni na ndoo ya barafu. Alikuwa ametazama video za mechi za Dunmore pamoja na mumewe, kwenye kochi lile lile. "Wewe ulitazama pointi, Royce," alisema. "Mimi nilitazama wale vijana wanavyoanguka. Yule hasukumi mtu, anavunja. Unadhani watoto wa vibonde wana mifupa ya karatasi?"

"Haya mambo ya wanaume, mama Colby," Royce akasema, akashusha kishoka. Nilitamani kumkaba. Colby akasema sawa, baba.

Jumamosi tulizichoma mbavu zile nyuma ya pikapu nje ya uwanja, tukaingia ndani na mafuta vidoleni. Mpira haukuwa umepigwa dakika tano. Colby alirudi nyuma, akainua mkono kurusha, na tisini ikawapita walinzi wetu wawili kama watu wanaosubiri basi. Iliingiza kofia chini ya kwapa la bega lile bovu. Yowe la Colby tulilisikia mpaka jukwaani. Mkono wake ulikuwa umekunjika mahali pasipo na kiungo, na mfupa umechungulia kwenye jezi nyeupe.

Kilichofuata ni ngumi. Wachezaji wetu walivamia, kofia zikavuliwa zikageuzwa nyundo, mtu akatema meno kwenye nyasi. Royce aliruka ukuta na shingo yake ile ngumu. Askari wawili wakamlaza kifudifudi, akamng'ata mmoja mpaka damu, huku akiita jina la mwanawe.

Jumanne tulikuwa hospitali, chumba cha kusubiri. Madaktari walikuwa wameshamwekea Colby vyuma, na walishatuambia kwamba mkono ule hautarusha tena. Redio ya ukutani ilikuwa kwenye kipindi cha mpira. Akapiga simu bwana mmoja wa mji ambao Dunmore wangecheza nao wiki hiyo, sauti imejaa kicheko.

"Dunmore hawanitishi hata kidogo," alisema. "Wamewapiga wale jamaa wenye mrushaji wa bega bovu. Kibonde tu yule. Wamecheza na nani?"

"Zima hiyo," Royce alisema, macho sakafuni.

Vonda aliinuka, akaongeza sauti.