Nusu ya Hadithi ya Bibi

Utotoni mwangu, kule Ikuti, hakuna aliyethubutu kusimulia hadithi mchana. Bibi mzaa baba alituapia kwamba mtoto akisikiliza hadithi jua lingali juu, mama yake atakufa. Basi tulingoja giza liingie, tukakaa jikoni kuzunguka moto, mvua ikipiga bati.

Ndipo zikaja enzi za ruksa, biashara zikafunguliwa. Mfanyabiashara mmoja akaleta jenereta na video pale senta, na kila jioni tukawa tunatoka mbio kwenda kutazama kareti. Wenzetu wa Matwebe nao walikuwa na banda lao, filamu zilezile. Tukikutana gulioni tulirushiana mateke yaleyale, kwa makelele yaleyale. Bibi akatutazama.

"Mwe bandu! Enyi watu! Watoto wa vijiji viwili, akili moja?"

Tukacheka tu.

Jioni zake zikawa tupu, maskini, na kifua kilishaanza kumsumbua. Alikuwa na hadithi moja ambayo hajampa mtu bado, aliyoachiwa na mama yake. Mchana mmoja akaniita jikoni. Akafunga mlango, akaziba dirisha kwa gunia.

"Haya, mjukuu wangu, sasa ni usiku. Kaa. Hii nisipokupa wewe, nitazikwa nayo."

Akaanza kwa sauti ya chini. Msichana wa Masoko alikwenda ziwani kuteka maji. Ziwa likamwita kwa jina ambalo mama yake tu ndiye aliyelijua. Akatua mtungi, akageuka...

Mlango ukasukumwa. Mama! Mama yangu huyu, mzee wa kanisa, aliyekuwa akizicheka imani hizo kila siku, akamgeukia Bibi.

"Mama, jamani, mnataka kuniua?"

Bibi akaliondoa gunia dirishani. "Basi, jioni," akaninong'oneza. Lakini jioni ile kifua kilimbana, hakuweza kusema neno. Hakuinuka tena kitandani, na mvua hazijakatika tukamzika.

Nimeuliza mpaka Masoko kwenyewe. Wazee wananikaribisha vizuri, wananipa chai. Hakuna anayeijua.

Juzi nikamsimulia binti yangu nusu hiyo. Nilipofika kwenye mtungi nikanyamaza, naye akaimalizia palepale: akatokea mwana wa mfalme, akampenda, wakaoana.

"Umeitoa wapi hiyo?" nikamuuliza.

"Si ndivyo zinavyoisha zote, mama?"

Iliniuma, jamani, na bado inaniuma. Nilitaka kumwambia kwamba hii haikuisha hivyo. Lakini najuaje? Mwisho mwingine wa kumpa sina.