Mabawa Yaliyopimwa kwa Hatua za Nyambura

Nyinyi mliolelewa kwa mashamba ya wazungu huku Ndabibi mtanielewa haraka. Tulipokuwa wadogo, kazi ya baba yangu ilikuwa kufukuza punda milia. Usicheke. Shamba lilikuwa na uwanja wa ndege, nyasi tupu, na kile kindege cha kunyunyizia ngano dawa kikikaribia, baba alikuwa anakimbia na firimbi mdomoni na rungu mkononi, punda milia huyoo, vumbi huyoo, halafu ndege inashuka. "Huyu akigongwa," alikuwa anatuambia, "ni sisi tutahama, si punda milia."

Mimi shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona nimezunguka sana mnivumilie. Nilikuwa nasema nini? Ndege.

Nilipenda ile ndege kuliko chakula. Na chakula nilikuwa napenda, maana mama alipika githeri, mahindi na maharagwe, kwa sufuria nyeusi kama usiku, na ile ya chini iliyoshika moto kidogo tulikuwa tunapigania mimi na dadangu Nyambura. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi, yeye sita. Tukaamua tutatengeneza ndege yetu, ndogo, lakini iwe ile ile, si ya kubahatisha. Vijana wa siku hizi wananunua imetengenezwa tayari, wanairusha kwa kidole gumba wakiwa wamekaa, na betri ikiisha wanalia. Sisi tulikata ule mlingoti wa mkonge unaotoa maua, ambao ukikauka ni mwepesi kama mkate. Miba ndiyo misumari. Karatasi ya pakiti ya unga ndiyo ngozi. Gundi ni uji wa ngano, ule mzito.

Sasa vipimo. Kugusa ndege ya mwenyewe, yule mzungu, ilikuwa ni kutafuta kiboko. Lakini ikiwa imeenda kazini, pale inapolala palibaki vyuma vitatu vya mviringo vimejengewa kwa simiti, vya kuifungia kamba upepo usiibebe. Viwili chini ya mabawa, kimoja chini ya mkia. Pale pua inapofika, mafuta yalikuwa yamedondoka mpaka nyasi zikakufa. Basi tukapima kwa miguu, na kila hatua moja ikawa vidole viwili kwa ndege yetu. Mimi nikapima mwili, hatua kumi. Nyambura akapima mabawa, chuma hadi chuma, hatua ishirini na mbili.

Wewe msomaji umeshaona kosa. Sisi hatukuona. Tulipoiunganisha ikawa kitu cha ajabu, mwili mfupi na mabawa marefu kama ya korongo. Nikamwambia Nyambura amehesabu vibaya. Akaniambia, "Wewe ndiye hujui kuhesabu, ndio maana mwalimu anakupiga." Hata baba, mtu asiyecheka, alicheka. "Hiyo ni ndege ama ni kamba ya nguo?"

Lakini Nyambura alipoirusha, hiyo kamba ya nguo ilipaa. Haikuanguka kama jiwe. Ilielea, ikapita ua, ikainama kidogo kama mtu anayesalimia, ikaingia katikati ya ngano. Hatukuiona tena. Baba alitushika shati kabla hatujaingia kuitafuta, maana kukanyaga ngano ya mwenyewe ni neno lingine, na juma lililofuata mashine ya kuvuna ikapita. Nyambura alilia mpaka kwikwi ikamshika. Nikamwambia, "Nyamaza. Nitakutengenezea nyingine kabla mahindi hayajaiva."

Mahindi yameiva mara nyingi tangu siku hiyo.

Si kwamba sikujaribu. Ya pili ililiwa na mbuzi, kwa sababu ya ule uji. Alianza na bawa la kushoto, akaona ni tamu. Ya tatu mama aliwashia moto, akasema alidhani ni takataka, na mimi mpaka leo sijui kama alidhani kweli. Halafu nikaoa, nikahamia Kihoto kando ya ziwa, nikapata watoto, na mtu akiwa na watoto hana saa ya mkonge. Ya nne niliijenga nikiwa tayari mzee. Ziwa likapanda, likaingia nyumbani bila kupiga hodi, na ndege yangu nikaiona inatoka mlangoni ikielea pamoja na sandali moja. Mama watoto akasema, "Angalau imetembea."

Mwaka jana Nyambura alianguka karibu na tangi lake la maji, akavunjika nyonga. Ilipona. Daktari akasema sasa ni kutembea, asipotembea mguu utakauka. Yeye akakataa. Alikuwa anakaa mlangoni kutwa, pale pale Ndabibi, kwa shamba tulilopata wakati lile la mzungu lilipokatwa vipande. Nikienda kumwona ananiambia, "Nimetembea ya kutosha, Kamau. Niache nikae." Nilirudi nyumbani nikiwa na baridi ndani. Nikaona hakuna la maana la kumpelekea isipokuwa ile ndege.

Nikaanza ya tano. Mjukuu wangu akanitolea vipimo vya ile ndege kwa simu, vya kweli, mpaka nusu kidole. "Guka, hii ni sawasawa kabisa." Ilikuwa sawasawa. Nikairusha, ikachoma pua kwa matope. Nikairusha tena. Matope. Nikakaa juu ya jiwe nikaiangalia, mzee mzima, ndipo ikaniingia akilini: mimi nilikuwa na miguu ya miaka kumi, na yeye ya miaka sita. Kosa letu ndilo lililopaa.

Nikatengeneza mwili upya kwa hatua zangu zile zile kumi, nikapanda boda nao ndani ya gunia.

"Mabawa iko wapi?" Nyambura akauliza, bado ameketi.

"Sina. Mabawa ni yako."

"Wacha upuzi. Pima wewe."

"Nikipima mimi haipai. Nimejaribu."

 Vile vyuma bado viko kwa shamba lake, na kimoja huwa anafungia ng'ombe. Akaviangalia. Halafu akasema, "Toa hiyo ng'ombe kwanza."

Nikapiga mluzi kama firimbi ya baba na kumfukuza ng'ombe kama punda milia, na nyuma yangu nikasikia bakora ikigonga chini. Sikugeuka, niliogopa ningemharibia hesabu. Moja. Mbili. Akapumzika alipofika ishirini. Akaanza tena. Alipofika chuma cha pili alikuwa anahema.

"Thelathini na sita."

"Nyambura, hayo mabawa yatakuwa marefu sana."

"Wewe kata vile nimesema. Ulinidanganya eti kabla mahindi hayajaiva."

Nikakata, nikabandika, nikalala huko. Uji ukakauka, asubuhi nikaweka kijiwe kwa pua ya ndege, nikampa airushe. Ilipita juu ya ng'ombe, ikainama vile vile kama mtu anayesalimia, ikatua mbali katikati ya maharagwe.

Enzi zetu tulikuwa na macho makali na miguu ya bure, na baba wa kutushika shati. Leo uwanja wa ndege ni kabeji, firimbi ya baba sijui ilipotelea wapi, na watoto wanajua vipimo vya kila kitu. Natamani zile siku, siwezi kukataa. Lakini zamani ngano ilikuwa ya mtu, na sasa maharagwe ni ya Nyambura. Nikajitolea kwenda kuichukua ndege. Akaninyooshea bakora.

"Kaa hapo," akasema. "Utanikanyagia."

Akaenda mwenyewe.