Chupa Haikai Dirishani

"Hivi wewe, kazi yako ni kubeba mikojo ya watu tu?" jirani alimuuliza mhudumu mmoja wa hospitali siku moja wakianika nguo.

"Ndiyo, na wako nitaubeba ukija," akamjibu.

Saa nne asubuhi, mhudumu huyo wa wodi ya wajawazito, ambaye wauguzi humwita Shangazi, anashuka ngazi kwenda maabara na chupa moja ya mkojo mkononi. Moja tu. Ndoo ya kudekia ameiacha katikati ya wodi.

Zamani chupa zilipangwa dirishani hadi madaktari wamalize kupita vitandani, ndipo zikapelekwa zote kwa mkupuo. Jua likishazipiga, majibu yalirudi na maneno yaleyale: rudia kipimo.

"Mwaka juzi alilazwa binti mmoja, mimba ya miezi sita, vijidudu vimeingia kwenye figo," anasimulia, sauti ikishuka. "Chupa yake ilishinda dirishani mpaka saa nane. Mimi ndiye niliyeiacha. Kipimo kikaharibika, hatukujua kama dawa yake inafaa. Homa ikapungua, akaruhusiwa. Siku ya tano akarudi anatetemeka. Mtoto hatukumpata. Namwomba Mungu anisamehe, kila siku."

Tangu hapo kila chupa huipeleka ingali vuguvugu, na majibu huyafuata mwenyewe. Ngazi zile huzipanda hata mara ishirini kwa siku. Muuguzi mkuu hununa.

"Shangazi, sakafu itajipiga deki?"

"Itanisubiri, dada. Haina homa."

Amebakiza miaka miwili astaafu. "Kabla sijaondoka, nataka nione imeandikwa ukutani kwamba chupa haikai dirishani. Miguu yangu haitakuwapo siku zote."

Anaacha chupa maabara, anapewa majibu ya chupa ya juzi, ya mama wa kitanda cha sita, mwenye mimba ya miezi saba, aliyelazwa siku hiyo akiugulia ubavu. Mtaalamu wa maabara ameipigia mstari mwekundu dawa anayotundikiwa mama huyo: haiui vijidudu vyake.

Shangazi anapanda mbio. Mama yule ameshafunga furushi. Homa imetulia tangu usiku, na daktari amemwandikia ruhusa.

"Shangazi, niage basi, watoto wananingoja."

"Keti kwanza, mwanangu."

Anamkabidhi daktari karatasi.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, daktari. Hebu soma hapo kwenye wekundu."

Daktari anasoma. Anarudia kusoma. Anaichukua ile ruhusa kitandani, anaichana vipande viwili, kisha anatoka kuelekea chumba cha dawa kufuata dawa nyingine.