Randa ya buluu

Jumamosi sokoni Kamembe nilinunua randa kuukuu iliyopakwa rangi ya buluu, ya kuanzia karakana yangu ndogo nyumbani. Muuzaji, mama wa Bukavu, alikuwa bado anaifunga pale fundi seremala mmoja mzee alipoinama na kuchomoa nyingine chini ya gunia, nyekundu kwa kutu.

"Ile inanipa haya, Papa," mama akasema. "Bado sijaipaka rangi."

"Njo maana naitaka, Maman. Kutu nitaitoa na mchanga na mafuta. Ufa wenye kujificha chini ya rangi, nitauona wapi?"

Akapitisha kidole gumba kwenye chuma, akalipa, akaenda zake.

Mama akanikabidhi yangu bila kunitazama. Alikuwa ameifunga kwa gazeti, na ukurasa uliokaa juu ni wa safu hii ninayoiandika kila wiki.